Kila Asubuhi Naiamkia Figo Yako

Mama Baridi wangu,

Shikamoo. Najua ungeitikia huku macho yako yako kwenye miguu yangu, unaangalia kama imevimba, kabla hata hujaniuliza nimekula nini. Haijavimba sana. Kidogo tu, jioni jioni. Usianze.

Naandika wazi, kila mtu asome, kwa sababu kaburini hakuna sanduku la posta, na kwa sababu nikikaa na haya maneno peke yangu yatanipasua. Kwa wasiotujua: wewe ni Ndeshi, kifungua mimba wa Baba. Mimi ni kitinda mimba. Katikati yetu yupo Anaeli. Mama alitutoka mapema, wewe ndiye uliyeninawisha uso na kunifunga kamba za viatu. Halafu nikakua, nikapanga chumba Kaloleni, nikaanza kutengeneza redio za watu Ngarenaro, na siku moja nikaambiwa figo zangu zote mbili zimekufa. Wewe ukanipa moja ya kwako. Basi. Hayo mengine ndiyo nataka tukumbushane.

Unamkumbuka mbuzi wa Krismasi? Siyo mbuzi mmoja, namaanisha wote, kila mwaka. Huku kwetu mlimani kila nyumba ina mgawo wake wa nyama, na mgawo wa Baba ulikuwa haubadiliki hata mvua inyeshe mawe. Figo moja ya wazee. Ya pili inaingia kwenye makaa palepale, ngozi bado haijaisha kuchunwa, na Baba anaikata vipande viwili: nusu yako, nusu yangu. "Wa kwanza na wa mwisho ndio wameshika ncha za kamba," anasema. Anaeli anasimama pale na sahani yake.

"Na mimi, Baba?"

"Wewe ndiyo kamba yenyewe."

"Kamba haili?"

Tunacheka hadi moshi unatuingia. Na lazima tule ya moto, inaunguza ulimi, tunarusha mkono huku na huku, kwa sababu sheria ya Baba ilikuwa ni moja: figo ikipoa ni ya mbwa.

Sasa ile Krismasi nyingine. Mimi niko kwenye kiti, uso umejaa kama andazi, chakula chote kinanuka chuma mdomoni, chumvi nimekatazwa. Baba akakata kama kawaida. Nikapokea nusu yangu. Wewe ukapokea yako, ukaiangalia, halafu ukanyoosha mkono kwangu.

"Haina chumvi. Kula na hii."

"Hiyo ni yako, Dada."

"Ndiyo maana nakupa."

Nikadhani unanionea huruma tu, kama unavyomwachia mgonjwa kipande kizuri. Nikaweka mdomoni. Ukasubiri nimeze, ndipo ukasema, kwa sauti ileile ya kuomba kibiriti, kwamba ulishaenda kupima, damu zetu zinaendana, na daktari amekubali. Anaeli aliacha kutafuna. Baba alibaki na kisu mkononi, mafuta yanadondoka kwenye kiatu chake. Na mimi tayari nimeshameza, Dada. Ulinitega. Hadi leo sijui mtu anakataaje kitu kilichokwisha kupita kooni.

Halafu nikaharibu, au karibu niharibu. Unanijua, mimi nikipata kitu kipya kichwani hakikai. Nilikuwa nashinda kwenye intaneti kafe, nasoma kuhusu figo mpaka yule dada wa kaunta akawa ananiita dokta. Nasoma na kamusi pembeni, sielewi, narudia, naelewa, nachapisha karatasi. Jumapili nikapanda mlimani mbio mbio kumwelezea Baba, ili moyo wake utulie. Nikamwambia yote kwa pumzi moja. Kwamba wakishaitoa kwa Ndeshi wanapitisha maji maalumu ya baridi ndani ya mishipa yake, damu yote inatoka, figo inageuka rangi, inapauka kama jivu. Kwamba wanaiweka kwenye bakuli la barafu iliyosagwa. Kwamba inakaa pale, imepoa kabisa, wakati mimi napasuliwa chumba cha pili.

Baba akasimama. "Inapoa?"

"Ndiyo Baba, lazima ipoe, ndiyo..."

"Kitu cha mwili kikishapoa kimekufa. Nimechinja maisha yangu yote. Mwanangu hatolewi kiungo ili kiende kufa kwenye sahani."

Akaingia ndani. Siku ile ndiyo safari ilikufa. Usharika ulikuwa umeshatuchangia, barua ya hospitali ya India ya kutupokea ilikuwa imeshakuja, na mimi na mdomo wangu nikaizika yote uani, kati ya mgomba na banda la kuku. Nilishuka Kaloleni kwa miguu. Sikutaka mtu anione.

Wewe hukunigombeza. Ulisema tu, "Mwachie Baba. Wewe umemletea karatasi. Mimi nitamletea maua."

Maana kazi yako ilikuwa maua. Yale mashamba yaliyofunguliwa huko chini barabara ya Moshi, nailoni nyeupe hadi macho yanapofikia, waridi zinapanda ndege kwenda Uholanzi. Na wewe uliwekwa chumba cha baridi. Uliporudi nyumbani mwezi wa kwanza umevaa koti la mtu wa theluji na jua linawaka, ndipo nikakupa jina. Mama Baridi. Ukajifanya umekasirika. Halafu nikasikia unajitambulisha nalo kwa majirani.

Ulileta fungu la waridi zilizokataliwa, shina zimepinda kidogo, wazungu hawazitaki. Zimefungwa kwenye boksi, zimefumba kama ngumi za mtoto mchanga, baridi mpaka unaogopa kuzishika. Ukamwambia Baba zilikatwa kabla hujaenda zamu iliyopita, na tangu hapo zimelala.

Baba akagusa moja. "Hii imekufa."

"Imelala, Baba. Ikiwa na joto inatumia chakula chake haraka haraka, inachoka, inakwisha. Ukiipoza haina njaa. Inasubiri."

"Basi si ungeigandisha kabisa, isubiri mpaka mwakani."

"Hapo ndipo unaiua. Kuna mtu kazini alizungusha swichi, alitaka baridi izidi. Maji ndani ya maua yakawa vipande vya barafu, yakachana kila kitu. Yalipotoka yalikuwa meusi, laini, kama mchicha uliosahaulika jikoni. Kuna baridi ya kulaza na kuna baridi ya kuua. Kazi yangu ni kuzijua hizo mbili."

"Ua siyo mtu, Ndeshi."

"Ni kweli. Ua lina miiba tu. Mtu ana miiba na maneno."

Ukaziweka kwenye ndoo, maji ya uvuguvugu, kivulini. Anaeli akataka kuzifungua kwa vidole ili Baba aone haraka. Ukampiga mkono. "Usiguse. Ukililazimisha linachanika. Acha liamke lenyewe."

Mimi sikuwepo zilipofunguka, wewe ndiye uliyenisimulia. Kwamba Baba alikuwa anapita pale ndooni kila akienda kukata majani ya ng'ombe, anajifanya anatafuta panga. Kwamba siku waridi ya kwanza ilipofungua mdomo alivuta kigoda akakaa nayo, akaiangalia kama anavyomwangalia ndama anayejaribu kusimama. Na jioni akakuita: "Hao madaktari wa India. Wanaijua hiyo swichi?"

"Wanaijua, Baba."

"Basi nendeni."

India nakumbuka joto, harufu ya vitunguu na dawa, na kitanda chako kando ya changu kwenye kibaraza cha kuingilia chumba cha upasuaji. Umevaa gauni la kijani, nywele umefunikwa, unafanana na wale wauza ndizi wa mtaani kwetu mvua ikinyesha.

"Sikiliza," ukaniambia. "Hiyo figo haijazoea uvivu. Ukiamka ukaanza kulala mpaka saa nne, naichukua."

"Utaichukulia wapi?"

"Najua ilipo."

Wakakusukuma wewe kwanza. Gurudumu moja la kile kitanda lilikuwa linalia. Hilo ndilo nilibaki nalo kichwani mpaka dawa ya usingizi iliponibeba.

Nilipopata fahamu nilimsumbua yule sista mpaka akanisimulia vyote. Kwamba figo yako ilitoka salama, ikaoshwa, ikapauka kama nilivyosoma, ikalala kwenye bakuli, barafu imeizunguka, na mtu mmoja kazi yake ilikuwa kuisimamia tu. Kwamba walipomaliza kuishona kwangu na kuachia damu, ikabadilika rangi mbele yao, ikawa kama mashavu ya mtoto. Nikauliza, na mkojo? Sista akarekebisha shuka.

Mkojo haukuwepo. Mfuko ule wa nailoni ulining'inia pembeni ya kitanda, mkavu, umejikunja. Daktari akasema hutokea, hasa kwa figo iliyotoka kwa mfu na kukaa sana kwenye barafu. Kwa figo ya ndugu aliye hai ni mara chache, lakini hutokea. Damu inaingia, iko hai, ila imelala. Wakawa wananirudisha kwenye mashine, damu isafishwe huko wakati tunasubiri. Itachukua siku ngapi? Akasema huenda ikaamka, huenda isiamke.

Dada, mimi ni mtu wa kutikisa redio isiposema. Nilikuwa nalala mkono uko juu ya kidonda, nataka kuibonyeza, nataka kuipiga ngumi. Nilikuwa nimekuchana tumbo bure, ndivyo nilivyokuwa nawaza. Ndipo ukaja. Umejikunja, mkono mmoja umeshika ubavu, mwingine umeshika ukuta, hatua zako kama za bibi anayetoka kisimani. Ukauangalia mfuko. Hukuniangalia mimi.

"Imelala?"

"Imelala."

"Toa mkono hapo."

Nikatoa.

"Imesafiri. Imekatwa kwao, imepozwa, imeshonwa kwenye nyumba ngeni, halafu unaisimamia kichwani kama mkaguzi. Hata wewe usingefanya kazi." Ukakaa pembeni ya kitanda, taratibu sana. "Umeiamkia?"

"Nini?"

"Hiyo ni yangu, imekuzidi umri. Imekaa kwako siku zote hizi hujaiamkia. Huna adabu."

Nilidhani dawa za maumivu zimekupanda kichwani. Lakini ulikuwa umekaza uso kabisa, unasubiri. Mgonjwa wa kitanda cha jirani, mzee wa Kihindi, anatuangalia. Nikashusha sauti, nikaongea na ubavu wangu wa kulia, chini huku.

"Shikamoo."

Mfuko ukabaki mkavu.

"Kesho tena," ukasema. "Mkubwa halazimishwi."

Nikaiamkia kesho yake, na iliyofuata. Ukija unauliza kwanza, "Umeiamkia?" ndipo unauliza nimelalaje. Kuna asubuhi moja, mwanga umeanza kuingia, naona kitu kwenye ule mrija. Tone. Rangi ya chai ya rangi iliyozidi maji. Likasimama, likajivuta, likaanguka mfukoni. Halafu lingine. Sikumwita sista. Nilikuita wewe. Ukaja na kitembezi, kile chuma cha kuegemea walichokupa sista, ukainama ukaangalia mpaka matone yakawa mstari.

"Sikia," ukaninong'oneza. "Imeitikia."

Tukalia wote wawili, tumeshika matumbo, kwa sababu kulia kunavuta nyuzi.

Tuliporudi, Baba alituchinjia. Na unakumbuka nilivyofanya? Alipotunyooshea zile nusu mbili nilishindwa kula. Nikaiangalia kwenye ncha ya kisu, nikaona bakuli la barafu. Wewe ukala yako na yangu, ukalamba vidole, ukasema, "Nimerudisha deni." Anaeli akasema basi tangu sasa kuna ncha moja ya kamba, na ncha yenyewe imeshiba.

Miaka ile tuliyoipata, Mama Baridi. Mimi vidonge vyangu asubuhi na jioni, wewe koti lako la baridi. Unapita kibandani kwangu Jumamosi na waridi zilizopinda, unaziweka kwenye kopo la maziwa juu ya redio mbovu, wateja wanadhani nauza maua. Unaniuliza kwa sauti mbele ya watu, "Mkubwa hajambo?" na mimi najibu, "Hajambo, amekojoa vizuri," na mama wa mgahawa wa pembeni anatushangaa. Nilikuwa nadhani hivyo ndivyo dunia ilivyo, na itaendelea.

Halafu malaria ikakupanda kichwani. Tulikuzika kabla koti lako halijakauka kwenye kamba. Watu wakasema ni ile figo moja. Walisema msibani palepale, wamekaa kwenye viti vya kukodi, wanakula wali wetu. Nikamfuata daktari nikamuuliza uso kwa uso. Akaniambia malaria ile inaua wenye figo mbili kila wiki. Nikamwamini. Kichwa kilimwamini. Lakini usiku nikigeuka upande wa kulia nahisi uzito wake, na nakuuliza, na hujibu.

Nakukosa mpaka vitu vidogo. Nakosa ile harufu ya koti, baridi na majani mabichi. Nakosa kupigwa mkono. Naiamkia bado, kila asubuhi, kabla sijavaa viatu. Ni kitu pekee cha kwako ambacho bado kina joto.

Sasa nikuambie kilichonikalisha chini kuandika. Mkubwa amechoka. Daktari wa kliniki alinionyesha vipimo, akanieleza taratibu, kama mtu anayetoa taarifa ya msiba. Siyo kosa lako na siyo kosa langu, vidonge nimemeza vyote. Figo ya kupewa nayo ina umri wake. Akasema tuanze kutafuta nyingine. Nikauliza, na hii mtaitupa? Akasema hapana, inaachwa hapohapo, mpya inashonwa upande wa kushoto. Nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi, nikashukuru kwa hilo tu.

Anaeli amejitolea. Ameshapima, kimyakimya, kama wewe. Inaendana. Alikuja kibandani kwangu akazima redio niliyokuwa nasikiliza.

"Mimi wa katikati sijawahi kupewa figo hata ya mbuzi," akasema. "Leo nataka kutoa ya kwangu, na bado mnaninyima?"

"Una watoto, Anaeli. Unaendesha watalii porini, unabadilisha matairi ya gari kubwa."

"Ndeshi hakubeba makreti?"

"Ndeshi yuko wapi?"

Hilo neno lilinitoka. Akawasha redio, akaondoka.

Mke wake amenipigia simu. "Shemeji, sikukatazi," akasema. "Ila unirudishie mume anayeweza kunyanyua gunia." Na Baba nilipokwenda alikuwa amekaa kwenye kile kigoda chake, pale ilipokuwa ndoo. "Barafu siiogopi tena," akaniambia. "Ndeshi alinifundisha. Naogopa vitanda viwili. Nilikuwa na watoto watatu, nikapeleka wawili India wakarudi. Sasa nina wawili, na mnataka kuondoka wote." Halafu akasema Jumapili atachinja, na nusu yako ya figo atampa Anaeli. Atakachofanya nayo Anaeli ni shauri lake. Atakachofanya mdomo wangu ni shauri langu. Baada ya hapo hakuna atakayelizungumza tena.

Kwa hiyo najua itakavyokuwa. Makaa yatakuwa tayari. Baba atakata. Kamba, ambayo haijawahi kushika ncha, itapokea nusu yako, itaiangalia, halafu itaninyooshea, ya moto, haina chumvi. Nikila, nimekubali: Anaeli atalala kwenye kitanda chenye gurudumu linalolia, figo yake itapauka na kulala kwenye barafu, na mimi nitakuwa na wakubwa wawili wa kuwaamkia, mmoja anasinzia kulia, mmoja anaamka kushoto. Nikikataa, watoto wake watabaki na baba mzima, na mimi nitarudi mashine, na siku moja wewe uliye ndani yangu utapoa, ile baridi ya pili, isiyoamka.

Safari ile hukuniuliza. Ulisubiri nimeze ndipo ukasema. Sasa hivi najua kabla ya kufungua mdomo, na hiyo ndiyo tofauti yote. Wewe ulijua upande wa kunyoosha mkono tu. Huu wa kunyooshewa hukuwahi kukaa.

Lala salama, Mama Baridi. Kesho alfajiri nitakuamkia kama kawaida, na ukiweza, itikia hata tone moja.

Na wewe uliyesoma mpaka hapa, umekaa na ndugu zako au unawakumbuka: Jumapili hiyo, mkono wa kaka yako uko mbele ya uso wako, nyama bado inatoa moshi, mzee anatazama pembeni. Ungekuwa wewe, ungefungua mdomo?

Kitinda mimba wako